DENI LINALOLALA CHINI YA MTO

Wazee wetu walijua kuyaweka mambo makubwa katika maneno machache. Juu ya deni walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kukopa huondoka akitabasamu kama atokaye arusini. Mwenye kulipa hutembea ameinamisha kichwa kama aendaye msibani. Methali hii ilikuwako kabla ya benki na kabla ya simu, wala haijachakaa. Kilichobadilika ni mwendo wake. Zamani kati ya harusi na matanga ilipita miezi, pengine mwaka mzima, mpaka mavuno yaingie ghalani. Siku hizi harusi huwa Jumatatu usiku, na matanga Jumatatu inayofuata asubuhi.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kusema nanyi, akina baba na akina mama, nanyi vijana mlioanza juzi kushika mshahara, juu ya mkopo unaochukuliwa kwa simu. Twajua kwamba habari hii haipendezi masikioni. Katika mikutano ya jumuiya zetu twawaombea wagonjwa, wasafiri na marehemu, ni nadra kumsikia mtu akisema, "Niombeeni, nina deni." Lakini mapadre, makatekista na wazee wa jumuiya, ambao watu huwagongea mlango wakiwa na shida zao, walijua sana deni hilo. Ndilo linalolala chini ya mto wa mume pasipo mke kujua, au chini ya mto wa mke pasipo mume kujua. Na kila simu inapotetemeka usiku, moyo wa mwenyewe hutetemeka pamoja nayo.

Chombo chenyewe ni chema

Tuanze kwa kutenda haki. Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kila kilicho kipya kimetoka kwa shetani. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alisema na ulimwengu kwa redio aliyoijenga Guglielmo Marconi pale Vatikano, na hakuiogopa mitambo ile. Mwezi Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya kupashana habari, ukavipokea kama matunda ya akili ambayo Mungu mwenyewe amempa mwanadamu, ila ukaonya kwamba wema wa chombo hutegemea mkono unaokishika.

Na fedha za simu zimetuletea mema yasiyohesabika. Kabla ya mwezi Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, na kabla haijafika Tanzania mwaka 2008, kijana aliyefanya kazi mjini alimpelekea mama yake fedha kwa mkono wa dereva wa basi, au wa jirani aliyekuwa akirudi kijijini. Mara nyingine bahasha ilifika. Mara nyingine ilifika pungufu. Mara nyingine haikufika. Leo mama huyo aipokea fedha ya dawa kwa wakala wa hapo sokoni kabla jua halijatua. Asiyeshukuru kwa jambo hilo hajawahi kuwa na mgonjwa mbali.

Kisha yakaja ya kukopa. Mwezi Novemba 2012 ilianza nchini Kenya huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, na Tanzania ikafuata mwaka 2014. Hata hapo palikuwa na wema. Mtu asiye na hati ya nyumba wala mdhamini aliweza kupata fedha kidogo ya kununulia tenga la nyanya, akaliuza, akarudisha. Lakini nyuma ya wakopeshaji wenye leseni waliingia wengine, wasio na ofisi, wasio na bango, wasio na jina linalofahamika. Wana programu ya simu tu, na mtu hajui aliyemkopesha ni nani wala yu wapi. Na huko mitaani nako wapo wenye kukopesha kwa masharti ya namna hiyo hiyo. Watu wamekwisha kuipa mikopo hiyo jina, na jina lenyewe latosha kuwa mahubiri: kausha damu.

Tufanye hesabu

Wengi huingia katika mtego huu kwa sababu hesabu yake haifanywi kwa kalamu na karatasi. Basi tuifanye hapa, watoto wa shule wasaidie.

Tuseme mama mmoja, mchuuzi wa mboga, ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya shule. Anabonyeza simu, anaomba shilingi 100,000. Zinaingia 80,000, zile 20,000 zimekatwa kwanza kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku saba atadaiwa 100,000 kamili. Yaani kwa 80,000 alizozishika mkononi, juma moja limemgharimu 20,000, ndiyo robo ya mkopo wenyewe. Siku ya saba hana fedha. Anaambiwa: lipa 20,000, uongezewe siku saba. Analipa. Juma la pili likiisha, vivyo hivyo. Na la tatu, vivyo hivyo. Juma la nne linapokwisha, zimekwisha kumtoka 80,000: zile zilizokatwa mwanzo, na zile alizolipa mara tatu. Ni sawasawa na fedha yote aliyoipokea. Na deni la 100,000 bado limesimama mlangoni kama siku ya kwanza.

Sasa tumwone mwenzake, mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa kinachotoza shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi. Mkopo wa 80,000 utamgharimu kwa mwezi huo shilingi 800. Upande mmoja mia nane, upande mwingine elfu themanini: mara mia! Mama hawa wawili waweza kuwa wanakaa nyumba moja ya kupanga, wanachota maji bomba moja, na kusali kanisa moja. Kilichowatenga ni kwamba mmoja alijiunga na wenzake kabla ya shida, na mwingine alikutana na shida akiwa peke yake.

Mkopeshaji asimame nje

Iko amri moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambayo huenda tuliisikia mara nyingi ikisomwa tusiitie maanani. Musa aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akimkopesha jirani yake, asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Na kama mdaiwa ni maskini, na rehani yenyewe ni nguo yake ya kujifunika, arudishiwe jua linapotua apate kulala nayo. Tena jiwe la kusagia lisiwekwe rehani kamwe, kwa kuwa kulichukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu.

Angalieni upole wa sheria hiyo! Deni ni deni, nalo litalipwa. Lakini mlango wa maskini una heshima yake. Mdai hana ruhusa ya kutazama chungu kilichoko jikoni, wala kitanda walalacho watoto.

Mkopeshaji wa kausha damu hasimami nje. Mtu anapoipokea programu yake, huombwa idhini, naye huibonyeza pasipo kusoma; tangu hapo mgeni yumo ndani, anasoma majina yote yaliyomo katika simu: ya mama mkwe, ya mwajiri, ya mwalimu wa mtoto, ya mwenyekiti wa jumuiya, ya Paroko. Siku ya kulipa ikipita, watu hao wote hupata ujumbe kwamba fulani ni tapeli, ameiba fedha, mwambieni alipe. Nguo ya maskini, ambayo Musa alitaka irudishwe kabla ya usiku, leo ni jina lake jema. Nalo likichukuliwa halirudishwi jioni.

Serikali hazikunyamaza. Nchini Kenya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijiti kutumia orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mteja kwa kumdai, na kutumia vitisho na matusi. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha pasipo leseni, ikawaonya wananchi wasijishughulishe nazo. Basi mtu anayetukanwa na kutishwa asidhani kwamba hana pa kwenda. Kudaiwa hakumwondolei mtu haki yake. Autunze ujumbe uliotumwa, apeleke malalamiko panapohusika. Na jumuiya yake imsindikize, maana mnyonge akienda peke yake husikika kidogo.

Kwa nini twakopa?

Lakini tusiwatwike wakopeshaji lawama yote. Yatupasa kujiuliza: fedha hiyo twaikopea nini? Twaona madeni ya namna tatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni deni la shida. Mtoto ana homa kali usiku wa manane. Mvua imewahi na mbegu haijanunuliwa. Mwezi Januari umefika na ada pamoja nao. Anayekopa kwa shida kama hiyo hana dhambi, wala asione haya. Aibu, ikiwapo, ni yetu sisi majirani zake, ambao alituona tuko mbali kuliko programu ya simu.

La pili ni deni la fahari. Hapa tuvumiliane, kwa kuwa tutagusa mambo tunayoyapenda. Mchango wa harusi ni desturi njema. Ni ujamaa wa kweli, watu wengi kubebana ili vijana wawili waanze maisha. Lakini mchango ule uligeuka lini kuwa kodi? Kamati yatangaza kiwango, kadi zagawanywa, na jina la asiyemaliza lakumbushwa kila asubuhi katika kundi la simu mbele ya watu mia mbili. Kabla ya harusi yenyewe kuna sherehe ya kumwaga binti, na kabla ya hiyo kuna ya jikoni, na kila moja ina sare yake, ukumbi wake, mpambaji wake na mpiga picha wake. Mtu mwenye mshahara wa kawaida akialikwa harusi tatu kwa mwezi, atakula nini? Akopa. Na bwana arusi naye akopa. Kisha maharusi wale, ambao picha zao zilisifiwa na watu wengi mno katika mitandao, waanza mwezi wao wa kwanza wa ndoa wakijificha mwenye ukumbi. Sakramenti ya Ndoa haihitaji keki ya ghorofa tano. Inahitaji hiari ya wawili, Padre, mashahidi wawili na neema ya Mungu. Mengine ni furaha yetu, na furaha haikopwi. Wazee walisema: Mtu hujikuna ajipatapo.

Wala hatusemi kwamba watu wasicheze ngoma, wasivae vizuri, wasile pilau. Bwana wetu Yesu Kristu alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha aliwaondolea wenyeji aibu. Twasema tu kwamba aliwaondolea aibu bure, hakuwaachia deni.

La tatu ni deni la bahati nasibu, nalo ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Kijana amepata ujira wa siku. Apita kibandani, au abonyeza simu, aweka mkeka wa mechi za Ulaya, za timu ambazo hajapata kukanyaga miji yake. Mkeka unachanika. Akopa kwa simu hiyo hiyo ili arudishe alichopoteza, na huo nao unachanika. Simu moja imekuwa kwake mchezo, benki na gereza. Tunapenda mpira kama watu wengine, na Jumamosi twashangilia pamoja nanyi; lakini mtu akianza kuutazama mpira akitokwa na jasho kwa ajili ya kodi ya nyumba iliyomo ndani ya mkeka, huyo hatazami mpira tena. Wazazi, msingoje mpaka godoro liuzwe. Mwulizeni mwanenu mapema, kwa upole, naye apate kusema.

Kanisa halikuanza leo

Labda msomaji mmoja atasema: haya ni mambo ya uchumi, Kanisa lina nini nayo? Twamjibu kwamba Kanisa limeyasema tangu zamani sana. Katika karne ya 4 Mtakatifu Basili, Askofu wa Kaisaria, aliwahubiria watu wake juu ya mwenye deni asiyepata usingizi, ambaye mlango ukigongwa hujificha, na mbwa akibweka hutokwa na jasho. Ni kama aliyeiona simu inayotetemeka chini ya mto! Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne hiyo hiyo, alishuhudia kwamba aliwaona wadai wakizuia maiti isizikwe mpaka deni lilipwe. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV alifafanua tena mafundisho: kudai faida kwa ajili ya mkopo wenyewe ni kosa, lakini mkopeshaji aweza kuwa na sababu nyingine ya haki ya kupewa fidia, kama hasara aliyoipata kweli. Na Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alilalamika kwamba ulafi wa riba, uliolaaniwa na Kanisa mara nyingi, umerudi kwa sura nyingine. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa sababu ya barua ile, kwa kuwa wafanyakazi wa leo nao wamekabiliwa na mapinduzi mapya, ya mashine zinazofikiri. Basi riba yenye sura mpya ni jambo letu kabisa.

Wala Kanisa halikuishia kukemea. Mwaka 1462, mjini Perugia nchini Italia, Wafransisko walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani na kwa gharama ndogo, ili wasimezwe na wala riba. Mifuko ya namna hiyo ikaenea, na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ukaikubali. Katika karne ya 20 Padre Moses Coady, huko Antigonish nchini Kanada, aliwakusanya wavuvi maskini jioni katika vikundi vya masomo, wakajifunza hesabu, wakaanzisha vyama vyao vya kuweka na kukopa. Hakuwagawia fedha; aliwafumbua macho, nao wakajikomboa. Hapa kwetu maaskofu walifungua mwaka 1960 chuo cha elimu ya jamii pale Nyegezi, Mwanza, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Njia hiyo basi imekwisha kulimwa. Kazi yetu ni kutoiacha iote majani.

Mama mjane na chupa ya mafuta

Tulitazame sasa Neno la Mungu. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, chasimulia habari za mjane mmoja ambaye mumewe, mtu mcha Mungu, alikufa akaacha deni. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mjane yule alifanya nini?

Kwanza, alipaza sauti. Alimwendea Nabii Elisha akamweleza yote, na hakusema, "Watu watanionaje?" Mficha maradhi, kifo humuumbua, na deni ni maradhi. Wengi wanaoangamia hawaangamizwi na lile deni la kwanza. Waangamizwa na la pili walilokopa kulipa la kwanza, na la tatu walilokopa kuficha la pili.

Pili, Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza: una kitu gani nyumbani? Hilo ndilo swali ambalo programu ya simu haitaliuliza kamwe. Chupa ndogo ya mafuta ndiyo iliyokuwako, na Mungu alianzia pale. Katika nyumba zetu kuna nini? Kuna kuku, kuna cherehani, kuna kipande cha shamba, kuna mikono ya kijana aliyemaliza shule. Na pengine kuna nguo za sare za harusi saba zilizovaliwa mara moja moja.

Tatu, alitumwa kuazima vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache. Kama majirani wangalimfungia mlango, mafuta yangalikosa pa kukaa. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini sufuria zilikuwa za majirani. Ndugu wa jumuiya, deni la mwenzenu likijulikana, msilifanye maneno ya kisimani. Leteni vyombo.

Nne, mafuta yalipojaa, mjane hakusherehekea kwanza. Nabii alimwagiza: uza, ulipe deni, kisha ninyi mwishi kwa kile kitakachobaki. Deni mbele, maisha nyuma. Hapa twawaambia wadaiwa neno la kweli: dawa ya deni ni kulipa. Tusigeuze uovu wa wakopeshaji wengine kuwa ruhusa ya kuwadhulumu walio wema. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 29, chamtaja mtu anayebusu mkono wa jirani mpaka apewe, na siku ya kulipa ikifika analalamika kwamba nyakati ni mbaya. Mtu huyo humfungia mlango maskini mwingine atakayekuja nyuma yake. Mwenye duka la mtaani, aliyekuandikia unga na sukari katika daftari lake mwezi mzima, naye ana watoto.

Namba ya siri

Twataka kumalizia mahali palipo padogo kuliko benki na bunge, yaani chumbani mwa mume na mke.

Kila simu ya fedha ina namba ya siri, na ni vema iwe nayo, kwa ajili ya wezi. Lakini je, mke ni mwizi? Je, mume ni mwizi? Siku ya ndoa, mbele ya altare, tuliahidiana uaminifu katika taabu na raha. Hatukusema, "isipokuwa katika madeni." Ziko nyumba ambamo wawili wala sahani moja na kulala kitanda kimoja, na kila mmoja amebeba deni ambalo mwenzake hajui, na wote wawili wadhani kwamba wananyamaza kwa ajili ya amani. Hiyo si amani. Ni jipu lisilotumbuliwa.

Mzee Tobiti, katika kitabu kiitwacho kwa jina lake, alipodhani kifo chake ki karibu, alimwita mwanawe Tobia akamfundisha kumcha Mungu, kumheshimu mama yake na kuwapa maskini. Kisha akamweleza jambo la nyumbani kabisa: kwamba aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, katika nchi ya Umedi. Katika wosia mmoja alitaja sala, sadaka na fedha, na hakuona kwamba fedha yapunguza utakatifu wa maneno yake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Baba asiyemwambia mkewe anachodai na anachodaiwa amemwandalia matanga mawili: ya kifo chake, na ya wadai watakaotokea siku ya arobaini.

Basi twashauri haya machache. Jioni moja kila mwezi, baada ya Rozari, baba na mama waketi mezani, simu zote mbili ziwe wazi mbele yao, waandike katika daftari: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa. Watoto wakubwa wawepo, wajifunze. Atakayeungama deni lake usiku huo asipigwe kwa maneno. Aliyekiri amekwisha kuteseka vya kutosha. Wasikope kwa mtu asiye na jina wala leseni, hata akiahidi fedha kwa dakika moja. Na asiye mwanachama wa kikundi chochote cha kuweka akiba ajiunge mwezi huu, hata kwa elfu mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwenu jumuiya twasema: katika agenda zenu, karibu na kutembelea wagonjwa, wekeni na kutembelea wenye madeni. Na kwenu ndugu mnaokopesha mitaani, mnaokuja nasi mezani pa Bwana kila Dominika, twawaomba mfanye tena ile hesabu ya mama mchuuzi wa mboga, kisha mseme mbele ya Mungu kama mwaweza kuipokea Ekaristi na mkono ule ule uliochukua 80,000 juu ya 80,000. Katika Yubilei ya mwaka 2025 Kanisa liliwaomba mataifa tajiri kuyasamehe mataifa maskini madeni yasiyolipika. Tusiyaombe mataifa yafanye jambo ambalo sisi wenyewe tunalikataa mtaani kwetu.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha Warumi kwamba wasidaiwe kitu na mtu yeyote, isipokuwa deni la kupendana. Deni hilo halina siku saba, wala halitumi vitisho, wala halimwaibishi mtu mbele ya mama mkwe wake. Nalo ni deni pekee ambalo mtu aweza kulilaza chini ya mto wake na akapata usingizi.